Kamera Isiyokohoa

Parachichi zetu ziliibwa kistaarabu. Mwizi hakuvunja tawi, hakukanyaga maharage, hakuamsha mbwa. Alichuma za chini zilizokomaa, akaacha changa juu, na hilo ndilo lililomuumiza mume wangu zaidi. Mwizi wa kawaida wa Rungwe hana subira hiyo. Hukwangua mti mzima usiku mmoja, akampelekea dalali gunia la matunda machanga ambayo hayataiva kamwe, yatasinyaa tu hadi kuwa mpira. Huyu wetu alizijua parachichi. "Ni mtaalamu," alisema Baba Watoto, na katika uchungu ule mlikuwa na heshima kidogo.

Baadaye wakaanza kupotea kuku. Hao hawakuondoka kistaarabu. Manyoya yalitapakaa kutoka bandani hadi shimo la taka.

Nyumba yetu iko juu ya Tukuyu, upande ambao mlima Rungwe huonekana wote asubuhi kabla mawingu hayajashuka. Tuna migomba, chai kidogo, ng'ombe wa maziwa, na miparachichi ya Hass ambayo Baba Watoto aliibebesha juu ya mashina ya kienyeji. Ukivuka migomba unafika kwa wakwe zangu. Kwa hiyo kikao cha familia kwetu hakihitaji barua: mtu akipaza sauti jikoni kwangu, wajumbe wanaanza kuingia.

Kikaoni watuhumiwa hawakukosekana. Wifi aliwataja vijana wa bodaboda wanaoegesha kwenye kona. Mama mkwe aliwatetea, maana mmoja wao humpeleka kanisani bila nauli, akamtaja kicheche. Tukamwambia kicheche hali parachichi. "Mmejuaje? Mmemuuliza?" Mzee, baba mkwe wangu, hakusema neno.

Kwa wasomaji wasio wa kwetu, nieleze. Katika mila ya Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe wake hukwepana. Hawakutani uso kwa uso, hawatazamani, na mkwe halitamki jina la mzee. Nyumba nyingi za siku hizi zimelegeza. Wapo wakwe wanaokaa kochi moja na kugombea rimoti. Mzee wetu hakulegeza, wala mimi sikumwomba alegeze. Tumeishi vizuri kwa kikohozi. Akitoka kwake kuja upande wetu hukohoa angali kwenye migomba, nami naingia jikoni. Mimi nikitoka na ndoo naigonga mara mbili tatu, naye anageukia mlima. Kwenye vikao yeye hukaa barazani, mimi ndani, na maneno hupitia kwa mama mkwe, ambaye huyapunguza au kuyatia chumvi kadiri anavyoona inafaa. Miaka yote hiyo hakuna aliyemkosea mwenzake heshima.

Wazo la kamera lilitoka kwa kijana wetu mkubwa, aliyekuwa akisomea wanyamapori Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Alipopiga simu kutupa pole ya jogoo, akamweleza baba yake kwamba watafiti wana kamera za kutega. Ni kisanduku cha rangi ya majani makavu, kinashikika kwa mkono mmoja. Unakifunga mtini kwa mkanda, unaenda zako. Ndani kuna kihisi cha joto. Kiumbe mwenye damu ya moto akipita mbele yake, picha inajipiga yenyewe, mchana na usiku. Haitaki umeme wa ukutani wala intaneti, tofauti na kamera za ulinzi wanazofunga madukani, ambazo umeme ukikatika nazo zinalala na mlinzi.

Halafu akaongeza habari ya sengi, na hapo ndipo nyumba ilipoharibika. Mwaka 2005, kamera zilizotegwa na mtafiti Francesco Rovero katika milima ya Udzungwa zilimnasa mnyama mwenye pua ndefu na uso wa kijivu ambaye wanasayansi hawakuwa na jina lake. Mwaka 2008 akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya, Rhynchocyon udzungwensis, sengi mkubwa kuliko wenzake wote, mwenye uzito wa gramu 700 hivi.

"Panya huyo," alisema Baba Watoto.

"Si panya, baba. Kwa ukoo yuko karibu na tembo kuliko panya."

Baba Watoto alinyamaza kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Kisha akatoa hoja ambayo alikuja kuirudia kwa kila mtu aliyemsikiliza, kuanzia fundi baiskeli hadi mchungaji: ikiwa ndugu wa tembo alijificha msituni tangu dunia iumbwe na kamera ikamkamata, mwizi wa parachichi ni nani?

Kijana alimtumia ujumbe mrefu wa maswali ya kumuuliza muuzaji. Baba Watoto aliusoma mstari wa kwanza, akapanda gari la Mbeya. Dukani yeye ndiye aliyeulizwa, tena swali moja tu: unataka megapikseli ngapi? Yeye ni mtu wa shamba, anapenda namba kubwa. Akachukua yenye namba kubwa kuliko zote, 48, imeandikwa kwenye boksi kwa rangi ya dhahabu.

Tulikuja kuelewa baadaye, kijana alipofika likizo, kwamba namba ile mara nyingi ni ya kupulizwa. Kifaa cha ndani kinachopokea mwanga ni cha megapikseli chache. Zilizobaki programu inazijaza kwa kukisia, faili linanenepa na picha inabaki ileile. Cha kuulizwa kilikuwa kasi: tangu kihisi kishtuke hadi picha ipigwe ni muda gani? Kamera nzuri hutumia chini ya nusu sekunde. Yetu ilikuwa ikijifikiria zaidi ya sekunde nzima, na kwa mnyama anayekimbia, sekunde ni umbali mrefu. Cha pili ni aina ya taa ya usiku. Cha tatu ni betri: inameza ngapi, na inakubali zipi. Muuzaji alimwonyesha pia kamera inayowekwa laini ya simu na kutuma picha moja kwa moja. Ilikuwa ghali zaidi, na inakula bando kila mwezi. Baba Watoto akaikataa kwa sababu niliyoona ina akili: "Siwezi kumlipia mwizi bando."

Akarudi jioni mvua ikinyesha, boksi kifuani ndani ya koti, kama amebeba mtoto wa ubatizo.

Akaifunga kwenye mgomba. Ulikuwa karibu na parachichi, una kivuli, na mkanda ulienea vizuri. Tulipoitoa kadi na kuichomeka kwenye kompyuta ya wifi, ilikuwa imejaa hadi mwisho: jani la mgomba limeinama kulia, jani la mgomba limeinama kushoto, jani la mgomba limetulia likitafakari. Kihisi cha kamera hizi hakioni umbo. Kinafuatilia tofauti ya joto inayosogea, na jani pana lililopigwa na jua la adhuhuri kisha likapepea mbele ya kivuli cha baridi, kwake halina tofauti na mtu anayepita. Isitoshe mgomba wenyewe unayumba, na kamera inayumba nao, kwa hiyo dunia nzima inaonekana inatembea. Tulikaa jioni ile tukitazama jani. Mama mkwe alisema ni jani zuri, lingefaa kufunikia chungu cha ndizi za mbalaga.

Kijana alicheka kwenye simu hadi salio likakata. Akatuma ujumbe: mti usioyumba, majani ya mbele yafyekwe, lenzi isitazame jua linakochomoza wala linakozama.

Kabla ya kuhama, matatizo mengine yalijitokeza kwa foleni. Betri nane Baba Watoto alizinunua kwenye kioski cha jirani, zile za bei ya chini zinazowekwa kwenye tochi na redio. Redio haichoki nazo upesi kwa sababu inakunywa kidogo kidogo. Kamera ya kutega mchana haiombi mengi, lakini usiku taa yake hunyonya kwa mkupuo, na betri dhaifu ikishikwa na baridi ya Tukuyu ya mwezi wa Juni hukata tamaa. Matokeo yake ni kwamba tulikuwa na mlinzi anayefanya kazi saa za ofisi. Betri za lithiamu hustahimili baridi na hudumu miezi, ila bei yake unaifikiria mara mbili. Za kuchaji ni nafuu kwa safari ndefu, mradi kamera iwe ya kukubali volti 1.2 badala ya 1.5.

Na mvua. Upande wetu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na siku isiyo na mvua huwa na ukungu. Maandishi ya boksi yaliahidi kwamba maji hayaingii. Labda hayaingii huko yalikoandikwa. Kwetu unyevu uliingia kila mlango ulipofunguliwa kutoa kadi, ukabaki ndani, ukaipaka lenzi ukungu. Dawa yake ni vile vipakiti vyeupe vinavyokuja na viatu vipya. Baba Watoto alipekua maboksi ya viatu ya ukoo mzima, hata ya marehemu shangazi. Sisimizi nao waliona ni nyumba kavu, wakahamia na mayai.

Hatimaye kamera ikafungwa kwenye shina la mparachichi mkubwa wa kienyeji, kando ya njia ya chooni, betri mpya, kadi safi. Usiku huohuo mama mkwe alitoka kwa haja zake. Akaona gizani, usawa wa tumbo lake, macho mekundu mengi yaliyokaa pamoja, yakafumbuka, yakafumba, yakafumbuka tena. Hakuendelea na safari.

Hilo nalo lilikuwa kwenye ujumbe ambao haukusomwa. Taa za usiku za kamera hizi ni za infraredi, na zipo za namna mbili. Zile za nanomita 850 huangaza mbali na kutoa picha safi, lakini anayezitazama ana kwa ana huona wekundu hafifu. Za nanomita 940 jicho la mtu halizioni kabisa, ila hufika karibu zaidi na picha huwa na giza kidogo. Kwa mnyama si neno sana. Kwa mwizi, na kwa mama mkwe, ni jambo kubwa.

Alfajiri walifika wazee wa kanisa. Wamoravian wapo Rungwe tangu mwaka 1891, si watu wa kutishwa na mti. Walisimama kulizunguka shina wakaomba kwa nguvu, na kamera, ikiwa kazini, ikawapiga picha mfululizo, wamefumba macho na kofia mkononi. Hadi leo ndizo picha zilizopangika vizuri kuliko zote ilizowahi kupiga, maana walisimama bila kutikisika.

Baba Watoto alijaribu kumtuliza mama yake kwa historia aliyopewa na kijana. Mwaka 1903 na 1904 Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka pande za Kilimanjaro na Umasai akitega kamera usiku, za vioo, na taa yake ilikuwa unga wa magnesi. Simba akigusa kamba, unga unalipuka, pori linakuwa mchana kwa nukta moja, na picha imepatikana. Mwaka 1905 akazitoa kwenye kitabu, Wazungu wakashangaa. "Kwa hiyo, mama, jambo hili ni la zamani hapa nchini. Hata Mjerumani alilifanya."

"Na leo Mjerumani yuko wapi?" aliuliza mama mkwe.

Kwa ajili ya kuku, kamera ikashushwa hadi usawa wa goti na kuelekezwa moja kwa moja kukata njia. Jumapili baada ya ibada tukakaa sebuleni kutazama mavuno: wifi na kompyuta, Baba Watoto, mama mkwe, watoto, mimi. Mzee kwenye stuli barazani, nyuma ya ukuta.

Ilikuwa albamu ya mikia. Kamera ya polepole iliyoelekezwa kukata njia nyembamba humwona mnyama akiingia, hufikiri, kisha hupiga picha ya mkia ukitoka. Ingeelekezwa mshazari, ikiutazama urefu wa njia, mnyama angekaa mbele yake muda wa kutosha. Mama mkwe, hata hivyo, aliigeuza kasoro hiyo kuwa mchezo. Alielezea kila mkia kwa sauti, na jibu likatoka barazani.

"Mrefu, una pete nyeusi na nyeupe."

"Kanu," ilisema sauti nyuma ya ukuta.

"Mwingine umetimka, mweupe kwa nyuma."

"Nguchiro."

"Huu ni miiba mitupu."

"Nungunungu. Mtazame viazi vyenu."

Kanu alikuwa mwizi wa kuku; picha moja ilionyesha mkia wenye pete na pembeni yake bawa la tetea. Mnyama pekee aliyeonekana mzima, kichwa hadi mkia, picha baada ya picha, ni mbwa wetu Simba. Alikuwa amelala.

Kisha likaja gambuti. Saa kumi na moja alfajiri, picha nyeusi na nyeupe: magambuti mawili, suruali iliyokunjwa, na mkono umeshusha ndoo ya parachichi. Juu ya magoti hapakuwa na kitu, kamera haikufika. Rungwe kila mtu ana magambuti. Kwa mvua zile, asiyekuwa nayo ni mgeni. Lakini la kulia lilikuwa na kiraka cha mpira wa tairi karibu na kisigino. Baba Watoto alikitazama kiraka kile, akainamisha kichwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekibandika.

Sebule ilinyamaza. Mama mkwe akatazama picha, akanitazama mimi, akasema: "Mkwe, geuka."

Nikageukia kabati la vyombo. Nyuma yangu ukaanza mjadala ambao sidhani kama umewahi kufanyika Unyakyusa tangu wazee walipoweka mila: je, nimemwona au sijamwona? Wifi alisimama upande wangu. Alisema uso haupo, macho hayapo, gambuti si mtu, linauzwa sokoni. Baba Watoto alisema picha ni ya zamani, ya Alhamisi, na mtu wa Alhamisi hayupo tena. Mama mkwe aliwasikiliza wote, akatoa hukumu ambayo hadi leo haijakatiwa rufaa: gambuti tupu si mtu, gambuti lenye mguu ndani ni mtu, ila aliyeona bila kujua hana deni, mradi asiendelee kuona.

Ndipo nje kikasikika kikohozi. Kilichelewa siku tatu, lakini kilikuja.

Utetezi wa mzee ulipita dirishani kupitia kwa mama mkwe, na safari hii nadhani hakutia chumvi. Mashina yale aliyapanda yeye, kabla mwanawe hajaota ndevu. Mwanawe alikuja kubebesha vikonyo vya Hass juu yake. Sasa tunda likining'inia, ni la nani, la mwenye kikonyo au la mwenye shina? Yeye anachuma za chini tu kwa sababu miguu haipandi tena. Baba Watoto alijibu kwamba bila kikonyo kile zingekuwa parachichi za kienyeji, zisizo na mnunuzi wa kilo. Mzee akajibu bila shina kingekuwa kijiti. Wote wawili nawaona wana haki, na mahakama yoyote ningeihurumia.

Lililonigusa mimi lilikuwa jibu la swali la mwisho. Kwa nini alfajiri, gizani, tabia ya wezi? Mama mkwe akaliuliza, akasikiliza, akanigeukia mgongoni: "Anasema mchana wewe uko shambani. Angekuwa anakohoa tangu asubuhi hadi jioni, nawe ungeshinda jikoni. Akaona achume mkiwa mmelala."

Kwa hiyo kile tulichokiita wizi kilikuwa adabu. Na kamera ikaingia katikati ya adabu ile bila kukohoa, bila kugonga ndoo, bila hodi.

Haikuishia uani kwetu. Njia ya chooni kwa mbele inaungana na njia ya wanawake wanaokwenda chemchemi na wachuma chai wanaowahi mashambani. Jirani alikuja akiwa amejifunga khanga kwa nguvu kuliko kawaida. "Mama, nasikia mna picha zangu." Tulikuwa nazo, za miguu na ndoo. Tukazifuta mbele yake, naye akasimama hadi ya mwisho. Siku chache hatukumsikia akiimba njiani.

Kijana, alipofika likizo, alisema hilo limeonekana kwingine. Mtafiti Trishant Simlai wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliandika mwaka 2024 kuhusu hifadhi ya Corbett, India. Kamera zilizotegwa kwa ajili ya wanyama ziliwafanya wanawake wanaookota kuni waingie msituni kimya, kwa aibu ya kurekodiwa. Zamani waliimba na kuongea kwa sauti, na ndiyo iliyowaonya tembo na chui milia kwamba watu wanakuja. Mama mkwe hakuhitaji kutafsiriwa. "Wamenyang'anywa kikohozi," alisema.

Na kwa wanaopenda vifungu: Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023. Ukiweka kamera inayotazama njia ya umma, usidhani kwa vile mti ni wako basi na wapita njia ni wako.

Mapatano ya nyumbani yalikuwa mafupi. Kamera igeuzwe, itazame banda la kuku na mstari wa miparachichi, isione njia. Ndoo moja kwa wiki ni haki ya shina. Na kadi ikitolewa, ipelekwe kwanza kwa mzee. Yeye na kitinda mimba wetu, anayejua simu, huipitia picha kwa picha, wakafuta zisizofaa, kisha ndiyo inakuja kwetu. Mzee amekuwa mhariri mkuu wa kamera aliyoikasirikia. Hupendezwa hasa na picha za kanu, ambazo siku hizi zina hata kichwa, kwa kuwa kijana aliiweka mshazari.

Baba Watoto alitaka kwenda mbali zaidi, akaitege mlimani amnase kipunji, yule kima wa huku. Kijana akamzuia. Msitu wa Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2009, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na huingii kutega chochote bila kibali. Tena kipunji hutembea mchana, juu ya miti. Kamera ya usawa wa goti ingengoja hadi kiama. Mzee aliposikia jina hilo alicheka nyuma ya ukuta. Watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS wakiongozwa na Tim Davenport walimthibitisha mwaka 2003, wakamtangaza 2005, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Kilichowaongoza hadi kwake ni mazungumzo ya wawindaji wa huku, waliokuwa na jina lake tayari. "Waligundua nini?" ilisema sauti. "Alikuwa akila mahindi yetu." Hesabu ya mwanzo ilionyesha wako 1,117 tu duniani kote, hapa kwetu na kipande kimoja cha Udzungwa, kwa hiyo siku hizi hata mzee husema mahindi wale.

Banda la kuku lilipona kwa wavu wa waya uliofukiwa chini na mawe, kazi ambayo ingefanyika bila kamera kama tungeisikiliza mikwaruzo ya mlangoni. Parachichi hazijaguswa tena na mtu wa nje, ingawa mashamba ya jirani yamekwanguliwa. Habari za macho mekundu zilifika sokoni kabla hatujamaliza kuzikanusha, na Baba Watoto akaacha kuzikanusha. Msimu uliopita betri zilikwisha, kisanduku kikaendelea kuning'inia mtini kikiwa kitupu, na hakuna tunda lililopotea.

Kwa hukumu yangu, kifaa kina thamani yake, ila si ile iliyoandikwa kwenye boksi. Ukienda kununua, iache ile namba ya dhahabu. Uliza kasi. Ukitaka kumtisha mwizi, chukua taa nyekundu; ukitaka kumkamata, chukua isiyoonekana. Fedha uliyookoa itie kwenye betri nzuri. Ifunge kwenye mti usioyumba, mshazari na njia, usawa wa goti kwa kanu na usawa wa kifua kwa mtu, na itazame mali yako pekee. Na kabla hujakaza mkanda, waambie wote wanaopita hapo alfajiri, ukianza na wakwe.